Kabla ya Kuformati, Soma Logi

Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilipiga kura, lakini vituo vya Masisi, mashariki ya nchi, havikufunguliwa. Vita ilikuwa imezuia watu kuandikishwa. Hali ilikuwa hiyohiyo Rutshuru, na pia Kwamouth upande wa magharibi ya nchi. Asiyeandikwa hakupata kadi, na asiye na kadi hakuwa na kura. Kadi hiyo ya mpiga kura ndiyo Wakongomani wengi wanayoitumia kama kitambulisho, kwa hiyo hasara haikuishia siku ya uchaguzi. Nyuma yake kuna pengo kubwa zaidi: sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa Katoyi au Pinga baada ya mwaka huo, hata kama leo ana watoto wanaokaribia kuoa, taifa lake halijawahi kumhesabu.

Ndiyo maana jambo linaloonekana kuwa la mafundi tu, seva ya kanzidata inayogoma kuwaka kwenye laptopu ya nyumbani, linastahili nafasi katika ukurasa wa maoni. Masisi na jirani yake Walikale zinahitaji kanzidata zinazokaa hukohuko, kwenye kompyuta ambazo wenyeji wanazimiliki na wanajua kuzitengeneza. Kinachokwamisha mara nyingi si fedha wala shahada. Ni ile jioni moja ambapo programu inakataa kuanza, mwenye kompyuta anafuta kila kitu, anasakinisha upya, inakataa tena, kisha anarudi kwenye daftari la karatasi na kusema mambo haya ni ya watu wa Kinshasa.

Orodha zenyewe hazikosekani. Wilaya ya Masisi ina kanda za afya za Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi; Walikale ina Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Kila mwezi muuguzi mkuu wa kituo cha afya hujaza kwa mkono ile fomu ndefu ambayo wote wanaiita kanevasi: wagonjwa wa malaria wangapi, wajawazito wangapi, watoto wangapi wamechanjwa, dawa gani zimekwisha. Karatasi hizo hupelekwa ofisi ya kanda, na huko takwimu huingizwa kwenye DHIS2, programu iliyotokana na mradi ulioanza Afrika Kusini katikati ya miaka ya 1990 na kukuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliieneza nchi nzima kwa njia ya intaneti mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Rwanda zinaitumia, na Kongo pia. Chini ya DHIS2 kuna kanzidata ya PostgreSQL, programu isiyouzwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake bila kumlipa wala kumwomba ruhusa mtu yeyote.

Upande wa madini hesabu ni kali zaidi. Rubaya, huko Masisi, peke yake inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Bisie, ndani ya msitu wa Walikale, ilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, karibu asilimia 6 ya bati yote iliyozalishwa duniani mwaka huo. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 2010 inayoyataka makampuni yaeleze madini yao yanatoka wapi, magunia ya wachimbaji wadogo yamekuwa yakifungwa lakiri yenye namba pale mgodini, kisha lakiri ya pili kwa mfanyabiashara, na kila namba kuandikwa kwenye kitabu. Vitabu hivyo husafiri, namba zikaingizwa kwenye kanzidata, na kanzidata ikasomwa mbali. Mwenye hisa aliyeko Johannesburg anaweza kusoma tani za Bisie kila robo mwaka. Katibu wa ushirika wa wachimbaji anayetaka kujua ni magunia mangapi yalitoka kwenye shimo la wanachama wake mwaka juzi hubaki akipekua vitabu, kama bado anavyo.

Njia ya kuelekea kwenye seva za mbali ni ileile ya kuelekea kwingine kote kutoka wilaya hizi: ndefu na ya kubahatisha. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara tano ya Masisi, na barabara yake kuu kutoka Goma kupitia Sake na Masisi imeharibika kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu ndege ndogo za kubeba mchanga wa bati zilitua Kilambo, juu ya kipande cha barabara ya lami, magari yakingoja pembeni. Kisha vita ikazidi. Waasi wa M23 waliingia Rubaya mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi mjini mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma mwishoni mwa mwezi huohuo. Machi 13 mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi. Siku sita baadaye mji wa Walikale ulikuwa mikononi mwa M23, ambao waliuacha mwanzoni mwa Aprili. Katika miezi ya namna hiyo mnara wa simu ukikosa mafuta, au ukizimwa, takwimu zilizo kwenye seva ya mbali zinakuwa hazipo. Zipo huko ziliko, lakini daktari wa kanda anayetaka kujua ni kituo gani kilikuwa na surua wiki tatu zilizopita hawezi kuzifikia.

Afrika Mashariki imewahi kukutana na tatizo la aina hii na ikalitatua kwa kuanzia chini. Huko Mosoriot, karibu na Eldoret, kituo cha afya kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001 kwa kutumia Microsoft Access. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, programu hiyo ilizidiwa. Mwaka 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin kutoka Indiana, waliokuwa wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi, walianza kuchora mfumo mpya unaotumia MySQL. Mwaka 2006 ulikuwa unafanya kazi Eldoret, nao ndio OpenMRS, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Uzito wa mfano huu uko katika mahali: kazi iliendelea kwa sababu palikuwa na watu Eldoret waliokaa karibu na ile seva, ambao ikizima saa nne asubuhi waliweza kujua kwa nini kabla wagonjwa hawajajaa kwenye benchi.

Ujuzi huo ndio unaotakiwa Masisi, na hauanzi na seva kubwa. Unaanza na laptopu iliyotumika, iliyonunuliwa Goma, iliyo juu ya meza nyumbani.

Kikwazo cha kwanza hujitokeza hata kabla ya kusakinisha. Baadhi ya kompyuta za mtumba bado zina Windows ya biti 32, ilhali PostgreSQL kuanzia toleo la 11 haina tena kisakinishi cha Windows ya aina hiyo. Faili inafunguliwa, inakataa, na mtu anadhani flashi ina virusi. Ukweli ni kwamba amepewa toleo ambalo mashine yake haiwezi kulipokea, na dawa ni toleo la 10 au la nyuma yake kwa kazi ya kujifunzia tu, kwa kuwa halitunzwi tena, au kuweka Linux nyepesi kama kichakato chenyewe kinaweza biti 64. Vichakato vingi vya miaka kumi na mitano iliyopita vinaweza. Ni Windows ya zamani tu ndiyo iliyovifunga.

Kikwazo cha pili ni faili za ziada. Seva za kanzidata kwenye Windows hutegemea maktaba za Microsoft zinazoitwa Visual C++, na visakinishi vingine, cha MySQL kikiwemo, vikizikosa hukwama na kutaka zipakuliwe. Kisakinishi kilichoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti muda wote hakikuwaza kuhusu mahali kama Nyabiondo, huko Masisi. Kwa hiyo anayepakua Goma apakue vyote kwa pamoja: programu, maktaba zake na kitabu cha maelekezo, avikague kwenye kompyuta isiyo na intaneti, ndipo flashi iende safari.

Kisha kuna majina. Kongo ni nchi ya akina Désiré na Clémence, na Windows huipa folda ya mtumiaji jina lake lilivyo, pamoja na alama juu ya herufi. Baadhi ya visakinishi hupitisha faili za muda ndani ya folda hiyo, na herufi yenye alama ikitokea njiani hukwama, vikatoa ujumbe usioeleweka kuhusu hatua ya mwisho ya usakinishaji. Suluhisho ni kufungua akaunti nyingine ya Windows yenye jina la herufi za kawaida na kusakinisha kutoka huko. Kazi nzima huchukua muda wa kuchemsha chai. Asiyejua atapoteza wiki.

Herufi hizo hurudi tena baadaye kwa sura nyingine. Mtu anafungua psql, dirisha jeusi la kuandikia amri za PostgreSQL, kwenye Windows ya Kifaransa na jambo la kwanza analoliona ni onyo kwamba ukurasa wa herufi wa dirisha ni 850 ilhali wa Windows ni 1252. Wengi hulipita. Siku anapoita orodha ya wagonjwa, Désiré anatokea akiwa na mikwaju na viboksi katikati ya jina, na mtu huanza kudhani kanzidata imeharibika. Haijaharibika. Amri moja, chcp 1252, ikiandikwa kabla ya kufungua psql, pamoja na herufi za dirisha kuwekwa za Lucida Console, hurudisha majina yalivyo. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Katika eneo ambalo jina la mtu, la baba yake na la kijiji ndivyo vitu pekee vinavyomtambulisha, jina lililoandikwa vibaya ni mgonjwa aliyepotea.

Nywila nayo ina visa vyake, na kisa kinachowasumbua watu wa Kivu zaidi ni cha kibodi. Laptopu imetoka Uingereza au Dubai, vitufe vyake vimepangwa kwa QWERTY, lakini Windows imewekwa Kifaransa, inasoma AZERTY. Mwenye mashine akibonyeza kitufe cha a, kompyuta inapokea q. Wakati wa kusakinisha, herufi za nywila zimefichwa kwa vitone, na ndani ya psql hakuna hata vitone. Baadaye mtu mwingine anabadilisha lugha ya kibodi, na nywila ileile inakataliwa. Mtu anaapa kwamba hajasahau, na kweli hajasahau. Ajaribu kuiandika kwanza mahali inapoonekana, kwenye Notepad, aone mashine inasoma nini.

Ikiwa nywila imepotea kweli, kufuta programu na kuisakinisha tena hakusaidii, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. PostgreSQL ikiondolewa kwenye Windows huiacha nyuma folda ya data, kwa makusudi, ili takwimu za mtu zisipotee. Usakinishaji mpya ukiikuta folda hiyo huitumia, pamoja na nywila yake ya zamani. Mtu anaandika nywila mpya mara tatu na kila mara anaambiwa uthibitisho umeshindwa. Njia sahihi ni kufungua faili ya pg_hba.conf, kubadilisha neno scram-sha-256 kuwa trust katika mistari ya 127.0.0.1 na ::1, kuianzisha upya huduma, kuweka nywila mpya kwa amri ya ALTER USER, kisha kuondoa trust palepale na kuianzisha huduma tena. Asiyeondoa ameacha mlango wazi.

Wanafunzi wengi huanza na XAMPP, ambayo ndani yake mna MariaDB, mrithi wa MySQL aliyeanzishwa mwaka 2009 na Michael Widenius, mmoja wa waasisi wa MySQL yenyewe. Huko kilio ni kimoja: unabonyeza kitufe cha kuanzisha, rangi ya kijani inawaka, sekunde mbili inazima, na ujumbe mwekundu unasema huduma imejifunga bila kutarajiwa. Mara nyingi sababu ni poti, yaani mlango wenye namba ambao seva hupokelea maombi. MariaDB na MySQL zote hutaka poti namba 3306, na kama mwalimu aliwahi kusakinisha MySQL peke yake kwenye mashine hiyo, basi tayari inakaliwa. Amri ya netstat -ano huonyesha namba ya programu iliyoikalia, na Task Manager huonyesha jina lake. Ama unaizima ile ya zamani, ama unaipa mpya poti 3307. PostgreSQL hutumia 5432, na ikisakinishwa mara mbili, ya pili huchukua 5433 kimyakimya. Mtu anaunganisha kwenye ya kwanza huku akishangaa majedwali yake yamekwenda wapi.

Yote haya, na hapa ndipo mwandishi wa makala haya anaposimama kwa miguu yote miwili, yameandikwa. Seva ya kanzidata haigomi kimya. PostgreSQL huweka sababu katika folda ya log iliyo ndani ya data; MySQL katika faili inayoishia na .err, XAMPP katika mysql_error.log. Mistari mitano ya mwisho kwa kawaida inatosha. Inataja poti iliyokaliwa, au faili ya kufuli postmaster.pid iliyobaki baada ya umeme kukatika, au folda ambayo huduma haina ruhusa ya kuiandika. Mazoea ya kuformati mashine kila kitu kinapokwama yanafuta maelezo yaleyale ambayo mgonjwa alikuwa akiyatoa, na kumwacha fundi mahali alipoanzia, akiwa na Windows mpya na kosa lilelile.

Umeme unahitaji kuzungumziwa peke yake. Hakuna mtu wa Masisi anayehitaji kuelezwa jinsi jenereta inavyozima katikati ya sentensi. Watu huogopa kwamba kanzidata itakufa siku hiyo, na ndiyo sababu inayotajwa sana ya kubaki kwenye karatasi. Hofu hiyo ina jibu. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza kwenye daftari la awali, WAL, na kulisukuma hadi kwenye diski kabla ya kumwambia mtumiaji kwamba limehifadhiwa. Umeme ukirudi, seva husoma daftari hilo na kurudia yale ambayo hayajafika kwenye majedwali. Kwenye laptopu ya zamani zoezi hilo laweza kuchukua dakika kadhaa, logi ikisema wazi kwamba urejeshaji unaendelea, na kosa kubwa ni kukosa subira na kuizima mashine tena. Kosa la pili ni kufuata ushauri wa kuzima mpangilio wa fsync ili seva iende haraka. Mwendo unaongezeka kweli, na ile kinga yote inaondoka. Kosa la tatu ni kukimbilia pg_resetwal, amri inayolitupa lile daftari. Hiyo ni ya mwisho kabisa, na haiguswi kabla ya folda nzima ya data kunakiliwa pembeni. Kwa sababu hizi laptopu yenye betri nzima, hata ya saa moja, ni seva bora kwa Walikale kuliko kompyuta ya mezani yenye nguvu mara tatu.

Mashine iliyokaa bila umeme muda mrefu ina ugonjwa mwingine: kibetri kidogo cha duara, CR2032, kikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kuanzia hapo kila rekodi inaandikwa kwa tarehe ya uongo, bila kosa lolote kuonekana. Kibetri hicho hupatikana kwa mafundi wa saa. Saa za Kongo zenyewe ni mbili. Kivu inafuata saa ya Lubumbashi, Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Seva iliyosakinishwa Kinshasa na kuletwa mashariki bila kubadilishwa itaandika kwamba mtoto aliyezaliwa saa sita na nusu usiku alizaliwa jana yake. Katika postgresql.conf mpangilio wa timezone unapaswa kusomeka Africa/Lubumbashi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni makubwa kupita haja, kwamba Excel inatosha. Kwa mtu mmoja mwenye orodha moja, wana haki. Hata SQLite, ambayo haina seva kabisa na haina cha kugoma, ingemfaa katibu wa shule ya msingi kuliko PostgreSQL. Seva inakuwa na maana pale watu wawili au watatu wanapoandika kwa wakati mmoja, muuguzi, mkunga na mtunza dawa, kila mmoja kwenye kifaa chake kupitia Wi-Fi ya jengo isiyohitaji intaneti. Hospitali na ofisi ya kanda zipo kwenye kundi hilo. Ushirika wa madini wenye vituo viwili vya kupimia pia upo.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama, na halipaswi kupitwa haraka. Orodha ya watu katika eneo la vita ni kitu cha hatari. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo shirika la madaktari la MSF limeisaidia tangu mwaka 2007, imepokea majeruhi wa pande zote na wanawake waliobakwa, na laptopu huibwa, hunyang'anywa, husahaulika watu wanapokimbia usiku. Kanzidata ya nyumbani iliyo wazi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Hivyo diski ifungwe kwa usimbaji, na kwa kuwa Windows ya Home kwa kawaida haina BitLocker kamili, VeraCrypt hufanya kazi hiyo bure. Jina la mgonjwa likae kwenye jedwali moja na ugonjwa wake kwenye jingine, vikiunganishwa kwa namba. Kabila na kambi ambayo mtoto wa mtu amejiunga nayo visiandikwe mahali popote, hata fomu ya mfadhili ikiviulizia. Na kwa mashine isiyogawiwa kwa wengine, listen_addresses iwekwe localhost, maana kisakinishi cha Windows huiacha ikisikiliza anwani zote. Hatari ipo hata kwa seva za mbali. Tofauti ni kwamba kwa ile ya nyumbani mwenyeji ndiye anayeamua nini kiandikwe na nini kisiandikwe.

Lugha ni kizuizi ambacho kingeweza kuondolewa mwaka huu. PostgreSQL ina tafsiri ya Kifaransa ya ujumbe wake, haina ya Kiswahili. Anayekaa Mweso akisoma logi anasoma Kifaransa cha kifundi au Kiingereza, ilhali mafunzo yote ya kazi anayopeana na wenzake ni ya Kiswahili. Kurasa kumi za Kiswahili zinazotaja makosa haya yanayojirudia, kila moja na maneno yake kama yalivyo kwenye skrini, zingekwenda mbali kuliko semina ya hotelini Goma. Zichapwe, kwa kuwa siku mashine imegoma PDF iliyo ndani yake haisomeki.

Wafadhili wanaoleta kompyuta, na ofisi za kanda zinazozipokea kwa saini, wanaweza kudai mambo machache kabla ya sherehe ya makabidhiano. Flashi yenye visakinishi vyote, vinavyolingana na biti za mashine. Nywila ya msimamizi, ile ya postgres au root, ikiandikwa kwenye karatasi, kutiwa kwenye bahasha na kufungiwa kwenye kabati la kanda, badala ya kuondoka kwenye simu ya fundi aliyekuja kwa siku mbili. Nakala ya kanzidata, kwa amri ya pg_dump, kila jioni kwenye flashi mbili zilizosimbwa, moja ikilala nje ya jengo. Na siku moja katika kila mwezi wafanyakazi wa kanda wachukue nakala hiyo, waifungue kwenye laptopu nyingine iliyo tupu, bila fundi, bila intaneti, wahesabu kama wajawazito wa Kibua waliomo humo ni sawa na walio kwenye kanevasi ya karatasi.